Kabla ya samaki, Diff inahitaji kivuli

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na video ya aina moja. Kijana amesimama kando ya tangi la samaki, nyuma yake letasi zimepangwa safu kwa safu, na maneno ni yale yale: huhitaji shamba, huhitaji jembe, maji ni kidogo, pesa ni nyingi. Ukishuka kwenye maoni utaona wasee kutoka kila pembe ya Kenya wakiuliza bei. Miongoni mwao wamo vijana wa Wajir, Garissa na Mandera.

Siwalaumu hata kidogo. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa nchini. Kijana wa Diff, kule Wajir Kusini mpakani na Somalia, aliyekuwa akitarajia kupewa ngamia wawili watatu wa kuanzia maisha, alibaki akihesabu mizoga. Kabla hajapumua, mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko ya El Nino. Mtu aliyepitia hayo akiona video ya mboga inayoota juu ya maji bila kungoja mvua, atakosaje kutamani?

Lakini nina neno moja kwa vijana wenzangu, na kwa wale wanaozunguka na bajeti za kuwawezesha. Kabla ya kununua samaki hata mmoja, nunueni kivuli. Video zile nyingi zimepigwa mahali penye baridi, au ndani ya nyumba ya kioo yenye feni. Zinafundisha jinsi ya kupasha maji moto. Sisi shida yetu ni kinyume kabisa, na hakuna anayetufundisha.

Akwaponiki ni nini, kwa ufupi

Kwa yule anayeisikia leo kwa mara ya kwanza: akwaponiki ni kufuga samaki na kupanda mboga kwa maji yale yale. Samaki wanakula na kunya. Uchafu wao unatoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria wanaoishi kwenye kokoto wanaigeuza amonia hiyo kuwa naitreti, ambayo ni mbolea. Mimea inafyonza mbolea, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi, na pampu inaendelea kuyazungusha.

Kwa hivyo kwenye tangi moja unafuga viumbe wa aina tatu: samaki, bakteria na mimea. Kila mmoja ana joto lake analolipenda. Shirika la Chakula na Kilimo Duniani, FAO, lilitoa kitabu mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ndogo za nyumbani. Humo wanasema tilapia hufurahia maji ya nyuzi 27 hadi 30 za selsiasi. Bakteria wanafanya kazi vizuri kati ya 17 na 34. Letasi, ile ya kwenye video, inataka maji ya baridi, nyuzi 20 hivi. Ukitaka kuwapatanisha wote, kwa jumla unakaa kati ya 18 na 30.

Sasa njoo Wajir mwezi wa Februari au Machi. Mchana hewa inafika nyuzi 36 hivi, siku nyingine zaidi. Usiku inashuka hadi karibu 23. Yaani hata kabla hujaweka maji juani, hewa yenyewe imeshapita mpaka wa juu.

Hesabu ya jua

Hapa ndipo watu hudanganywa, kwa hivyo tupige hesabu pamoja. Haihitaji digrii.

Jua la siku moja ya kawaida huku kwetu likimezwa lote na eneo la mita moja ya mraba, lina nguvu za kupandisha joto la lita 1,000 za maji kwa nyuzi kama 5. Seti ndogo ya kawaida ina tangi moja la lita 1,000 na vitalu viwili vya kokoto. Juu kuna mita tatu za mraba zinazotazama jua moja kwa moja. Tano mara tatu ni 15. Ni kweli joto jingine litatoka kwa upepo na kwa mvuke, kwa hivyo maji hayatapanda nyuzi 15 kamili. Lakini ukianza asubuhi na maji ya nyuzi 26, unahitaji nusu tu ya hizo kufika mahali ambapo tilapia ataacha kula na kuanza kuhangaika.

Tena vitalu vile vina kina kifupi, sentimita 30 hivi, na kokoto zikiwa nyeusi au plastiki ikiwa nyeusi, zinaiva kama kikaango. Kila pampu inapozunguka saa saba mchana, inachukua maji ya samaki, inayapitisha kwenye kikaango hicho, kisha inawarudishia. Mtu ameweka mtambo wa kupika samaki polepole na anauita mradi.

Joto lenyewe si adui wa pekee. Linakuja na wenzake wawili.

Wa kwanza ni upungufu wa oksijeni. Maji yakiwa nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika 35 yanabeba kama 7 tu. Wakati huo huo mwili wa samaki umechangamka kwa joto na unataka oksijeni zaidi. Bakteria nao wanaitaka. Ndiyo maana utaona samaki wamepanda juu wakipigapiga midomo, na jirani atakwambia wana njaa. Hawana njaa, wanakosa pumzi. Ukiwaongezea chakula hapo, umewamaliza.

Wa pili ni amonia. Sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka maji yakipata joto. Kwenye maji yenye pH ya 8, sehemu hiyo ni asilimia 4 hivi kwa nyuzi 20, na karibu asilimia 7.5 kwa nyuzi 30. Ni karibu maradufu, na uchafu ni ule ule. Wajir imekaa juu ya mawe ya chokaa, yale meupe tunayojengea, kwa hivyo maji ya visima vingi ni magumu na pH yake iko juu. Kipimo cha amonia ambacho mfugaji wa Limuru anaweza kukipuuza, kwetu kinaweza kuua.

Kivuli ni mtaji, si urembo

Sasa dawa. Nyingi ni rahisi, na baadhi nyanya zetu walizijua kabla ya mtu yeyote kuandika kitabu.

Tangi la samaki lifunikwe lote. Samaki hawahitaji jua. Mwanga ukiingia kwenye maji yenye mbolea, unachoota ni mwani wa kijani, na mwani huo usiku unashindana na samaki kuvuta oksijeni. Kwa hivyo kama tangi ni la plastiki inayopitisha mwanga, lipake rangi nyeusi kwanza kuzuia mwanga, halafu nyeupe juu yake kurudisha joto. Kama tayari ni jeusi, lipake nyeupe tu. Debe moja la rangi linaweza kukuokolea mamia ya vifaranga.

Tangi lizikwe nusu. Udongo wa kina cha mita moja haujui mambo ya saa saba mchana. Joto lake hukaa karibu na wastani wa mwaka mzima, na Wajir wastani huo ni nyuzi 28 hivi. Hiyo ndiyo namba tilapia anaipenda. Acha ukingo ujitokeze juu kidogo ili mafuriko yasiingie na mbuzi wasinywe, na uweke kifuniko imara kwa sababu ya watoto. Usicheze na hilo.

Juu ya mboga weka neti ya kivuli, ile inayozuia karibu nusu ya jua. Jua la ikweta likikatwa nusu bado linatosha mboga. Neti ikikosekana, jengo la herio limekuwa likitukinga na jua hili kwa vizazi: fito zilizopinda, mikeka juu, upepo unapita katikati. Mathenge nayo, ule mti tunaoulaani kwa kumeza malisho na kuharibu meno ya mbuzi, angalau itupe nguzo. Zichimbie kwa nguvu, maana upepo wa miezi ya katikati ya mwaka hauna huruma na neti iliyofungwa kwa kamba ya jana.

Kivuli hiki kina faida ya pili ambayo kwetu ni kubwa kuliko ya kwanza. Katika hali yetu ya hewa, maji yaliyo wazi juani na kwenye upepo hupoteza lita 6 au zaidi kwa siku kwa kila mita ya mraba. Ile seti ya mita tatu inakula jerikeni moja ya lita 20 kila siku, na hakuna aliyekunywa. Watu hupenda kusema akwaponiki inatumia sehemu moja tu ya kumi ya maji ya shamba la kawaida. Bila kivuli, Diff, hiyo ni stori ya jaba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoshauri kupoza kwa mvuke kama suluhisho la kwanza. Njia yenyewe inafanya kazi. Ni ile ya mtungi wa udongo na kiriba cha ngozi: maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Lita moja tu ikiwa mvuke inaweza kupoza lita 1,000 kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, na hewa yetu kavu inaisaidia. Lakini lita ile ikiondoka inaacha chumvi yake nyuma. Visima vingi vya Wajir tayari vina maji ya chumvi. Tilapia atavumilia, mboga hazitavumilia. Ukitegemea mvuke miezi mitatu, utakuwa na maji ya baridi na bamia zilizoungua kingo za majani. Kwa hivyo mvuke uwe wa siku za dharura, gunia lililoloweshwa upande wa upepo. Kazi ya kila siku aifanye kivuli.

Sola bila betri ni mtego

Hili nalisema kwa wafadhili hasa. Kila mradi ukija kwetu unakuja na paneli za sola, na ni sawa, maana jua ndilo tulilo nalo kwa wingi. Lakini ili kupunguza gharama, wengi hukata betri. Pampu inafanya kazi jua likiwaka na kulala jua likizama.

Kwa maji ya kunywa mpango huo unafaa kabisa, unajaza tangi mchana na watu wanateka. Kwa akwaponiki umegeuza mambo juu chini. Mchana, wakati vitalu vinachoma, ndipo maji yanazungushwa kwa kasi. Usiku, wakati hewa imeshuka hadi nyuzi 23 na mbingu ziko wazi, wakati ambapo maji yangepozwa bure yakipita kwenye kokoto, pampu imelala. Halafu ukaribiapo alfajiri oksijeni inakuwa chini kuliko wakati wowote, na hakuna hata kiputo kimoja cha hewa. Asubuhi kijana anakuta samaki wameelea. Atasema ni jicho baya. Ni betri.

Mpango unaofaa Diff ni kuzungusha maji sana usiku, na mchana kupunguza mzunguko uwe wa kulinda bakteria na mimea tu, huku kipampu kidogo cha hewa kikipuliza saa 24. Kipampu cha hewa hakili umeme mwingi, betri ya kawaida inakimudu. Kama pesa zinatosha kitu kimoja kati ya paneli kubwa na betri, chukua paneli ndogo na betri.

Na tafadhali, tuache hadithi za vihisi vya kutuma joto la maji kwenye simu. Tunaishi mahali ambapo milingoti ya simu imelipuliwa na magaidi mara kadhaa na mtaa mzima ukakaa bila mtandao. Kipimajoto cha kuelea na daftari la shilingi 20 vinatosha. Pima alfajiri, pima saa tisa mchana, andika. Baada ya wiki mbili utalijua tangi lako kuliko mtaalamu yeyote wa kutembelea. Ukiona 32, punguza chakula na umlishe samaki asubuhi mapema tu. Ukiona 34, usilishe, ongeza hewa, lowesha gunia. Vifaranga wapya wakifika kutoka mbali, mfuko wao uuache uelee kwenye tangi kwanza hadi joto la pande mbili lilingane. Haraka hapo inaua.

Achaneni na letasi

Nani anakula letasi Diff? Jibu lake linatupunguzia nusu ya tatizo la joto. Huyo letasi ndiye mgeni anayelalamika kwenye maji ya nyuzi 28. Anatoa ua mapema, anakuwa mchungu, mizizi inaoza. Katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, huko Karibiani, James Rakocy na wenzake walijaribu akwaponiki ya nje kwa miaka mingi, tilapia kwenye matangi na mimea juani. Kati ya mazao yao ya maana yalikuwa bamia na mrehani, mimea isiyoogopa joto. Sisi tuna bamia, tuna mchicha, tuna terere. Nyanya na sukuma wiki zinazotufikia zimesafiri kwa lori kutoka mbali na zinafika zimechoka, na barabara ikikatika hazifiki kabisa. Fungu la mchicha lililokatwa asubuhi ya leo hapo kituoni lina mnunuzi.

Kuna watakaosema, "Wasomali hatuli samaki, sisi ni watu wa nyama na maziwa." Nimeisikia hoja hii tangu utotoni. Ina ukweli kwa wafugaji wa bara, ingawa jamaa zetu wa Kismayu na pwani yote ya Somalia wamekula samaki tangu enzi. Lakini kwangu hoja hiyo inaelekeza ukubwa wa mradi, haiufungi. Anza na samaki wachache kama mtambo wa mbolea, mboga ndiyo biashara. Watoto wakizoea ladha, utaongeza.

Wengine watauliza, na hawa nawaheshimu zaidi: maji ya kunywa yenyewe hayatoshi, unayapeleka kwa samaki? Ndiyo maana nasisitiza kivuli. Mradi uliofunikwa vizuri unaongezewa jerikeni chache kwa wiki. Ulio wazi unashindana na punda wa jirani kisimani kila siku, na siku ukame ukirudi wazee wataufunga, na watakuwa na haki.

Pesa zianzie wapi

Kenya imewahi kuona haya. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambao ulichimba mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya maeneobunge 140. Mabwawa yalichimbwa kwa wingi na kwa haraka, vifaranga wakamwagwa, picha zikapigwa. Miaka michache baadaye mengi yalikuwa yamekauka au yamejaa nyasi. Idadi ilihesabiwa, mazingira ya kila mahali hayakuhesabiwa.

Naogopa akwaponiki itakuja Kaskazini Mashariki kwa mtindo ule ule: seti 50 zinazofanana, zimeagizwa pamoja, zimegawanywa mbele ya kamera, na ndani ya bajeti hakuna hata mstari mmoja wa neti, betri wala rangi nyeupe. Machi ikifika samaki watakufa, na ripoti itaandika kwamba vijana wa wafugaji hawana nidhamu ya ukulima. Tumeshachoka kuandikiwa ripoti hizo. Kijana anayejua kumvusha ngamia jangwani siku kumi bila kumpoteza hashindwi na tangi la maji. Anashindwa na kifaa ambacho hakikutengenezwa kwa jua lake.

Ombi langu kwa kaunti ya Wajir na kwa mashirika ni dogo. Seti tatu badala ya 50. Ziwekwe mwezi wa Januari, si Julai, ili zikutane na joto kali mapema. Vijana wapewe kipimajoto na daftari miezi miwili kabla ya kupewa samaki, wajifunze kulipoza tangi la maji matupu. Atakayeweza kulishikilia chini ya nyuzi 31 hadi mwisho wa Machi, huyo apewe vifaranga. Haitatoa picha nzuri za uzinduzi, najua. Itatoa mboga.

Na wewe msee wa Diff, Dadaab au Habaswein unayesoma hii ukiwa na namba ya muuzaji tayari kwenye simu: kabla hujatuma hata shilingi, mpigie umuulize mambo matatu. Maji ya tangi lako yalifika nyuzi ngapi saa tisa mchana mwezi wa Machi? Usiku wa manane pampu inaendeshwa na nini? Na kivuli kiko ndani ya bei? Akikosa jibu hata moja, weka simu chini, baki na doo yako.